Njia ya Mtoni na Mama Mkwe

Mwaka petroli ilipoadimika, chuo chetu pale Morogoro kilibakiwa na gari moja linalotembea, na hilo lilikuwa la kubebea maji. Gari la Mkuu wa Chuo liliegeshwa chini ya mjohoro mpaka kuku wa mlinzi wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Ndipo wakubwa walipoanza kutembea kwa miguu kama sisi, na haukupita muda wakagundua kwamba chuo kile kilijengwa na watu ambao hawakuwahi kutembea.

Barabara kuu ilitoka geti la chini ikapanda moja kwa moja hadi ofisini, pana, nyeupe, haina mti hata wa dawa. Walioichora zamani walitaka mtu aliye ndani ya gari aione vizuri milima ya Uluguru, na kweli ilionekana. Mwenda kwa miguu aliiona kwa jicho moja, la pili limejaa vumbi. Wanafunzi walifika darasa la saa nane wameloa jasho, na walimu walifika wamekasirika.

Basi ikaundwa kamati. Enzi zile tuliunda kamati hata ya kuchagua mahali pa kumwaga majivu. Hii ilipewa kazi ya kuipanga upya barabara iwe ya watembeao kwa miguu, na kuutengeneza ukingo wa mto uliopita ubavuni mwa chuo, ambao ulikuwa matete matupu na makopo. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa Mkuu, nikaingizwa kuandika kumbukumbu za vikao. Maana yake nikae mwisho wa meza nifunge mdomo. Aliyenichagua hakunijua vizuri.

Mume wangu aliingia kama mtaalamu. Alikuwa mhandisi wa majengo wa chuo, mtu wa upande wa Ziwa, mrefu, mpole, asiyeweza kupita penye ukuta bila kuupigapiga kwa vidole kusikia kama umejengwa vizuri. Tulipooana tulipanga chumba Mwembesongo, na usiku wa kwanza mwenye nyumba alidhani tunabisha hodi. Mimi mwenyewe ni wa hapa. Nilizaliwa kule juu mlimani, kwenye mteremko uliokuwa unaonekana dirishani kwa Mkuu, na mama yangu alikuwa bado anaishi huko na migomba yake.

Hapa lazima niseme habari ya mume wangu na mama, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kwetu mwanaume hamkabili mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, hali naye chakula, na wakikutana njiani yeye ndiye anayetoka njiani, anageuza mgongo mpaka mama apite. Akiwa na neno la kumwambia, anampa mke alipeleke. Kwao mume wangu, mama mkwe anaheshimiwa sana lakini anasalimiwa, mambo yanakwisha. Siku ya posa mshenga alimkalisha akamweleza haya yote, na yeye akasikiliza kama anavyosikiliza maelezo ya kuchanganya zege, yaani kwa nia ya kuyafuata.

Nami nilimcheka. Nilimwambia, "Wewe ni msomi, tena si wa kabila letu. Mama hatakulaumu ukimwamkia shikamoo kama watu wengine."

"Umemuuliza?" akasema.

Sikuwa nimemuuliza. Basi ikawa hivyo miaka yote. Kila Jumamosi mama alishuka na ndizi kwenda nazo sokoni mjini, na wakati wa kurudi alipita kwangu. Aliingia kwa mlango wa jikoni, mume wangu akatoka kwa mlango wa mbele. Wenzake kazini walimtania kwamba nyumba yake ina zamu kama kiwanda. Kuna nyakati ilinichosha, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa posta yao.

Turudi kwenye barabara. Kazi ya kwanza ilikwenda vizuri, na nasema hivyo bila kumpendelea mtu. Jumamosi asubuhi wanafunzi na wafanyakazi tulitoka na majembe na karai, tukaweka mawe makubwa kwenye ncha mbili za barabara ili gari lisipite, tukapanda mikangazi pande zote, tukajenga viti vya mawe. Mkuu naye alichimba, polepole, akisimama mara kwa mara kutueleza maana ya kujitegemea. Waliotoroka kazi walirudi harufu ya uji iliposikika. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka bwenini hadi maktaba bila kupigiwa honi wala kuungua utosi, ingawa kivuli chenyewe kilikuwa bado cha urefu wa goti.

Tatizo lilikuwa watu wa mlimani. Njia yao ya kwenda mjini ilipita katikati ya chuo tangu kabla ya chuo kuwapo, na barabara ilipofungwa kwa magari wao wakaifurahia zaidi. Walipita asubuhi kwa mstari, ndizi, magimbi na mboga vichwani, wakizungumza Kiluguru kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Watu wa mlimani sauti zao zimezoea kuvuka mabonde. Mwalimu wa uchumi alisema hawezi kufundisha bei wakati bei halisi inapita dirishani inatangazwa.

Mume wangu akaleta jawabu, na kamati nzima ikampigia makofi. Alichora njia ya mtoni. Ingeanzia juu, pale watu wanapoingilia chuoni, ifuate mto chini ya mikuyu, itokee karibu na daraja la kwenda mjini. Ilikuwa fupi kuliko ya zamani, haina kilima, ina kivuli toka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja alijenga ukuta wa mawe mrefu kuliko mtu, wa kuzuia udongo usiporomoke, na upande wa pili ulikuwa mto wenyewe. Katikati njia ya mawe bapa, ya kutosha mtu na mzigo wake, na wa pili akijibana. Tuliijenga kiangazi kizima. Ilipokwisha nilikwenda kutembea humo peke yangu jioni, maji yanapita pembeni, na nilijivunia mume.

Watu wa mlimani waliitazama, wakaisifu, wakaendelea kupita katikati ya madarasa.

Kamati ilikaa ikajadili. Mmoja alisema wanaogopa mamba, kwenye mto ambao hata kambare alionekana kwa nadra. Mwingine akasema ni mizimu. Mwalimu wa siasa alisema ni mabaki ya fikra za kale na akaomba apewe nafasi ya kwenda kuzungumza nao, akaenda, wakamsikiliza kwa adabu, wakampa ndizi. Kesho yake walipita mbele ya darasa lake.  Mume wangu alikuwa anakwenda mtoni kila jioni na kugonga mawe kwa kisigino, akitafuta lililolegea.

Mwishowe Mkuu alipoteza subira. Mgeni kutoka wizarani alikuwa anakuja kukagua kazi yetu, na Mkuu alitamka, nami nikaandika kwa mkono wangu, kwamba ikiwa mpaka siku hiyo watu wale hawatumii njia waliyotengenezewa, kule juu itapigwa seng'enge na hawatapita chuoni kabisa. Wazunguke. Kuzunguka kulikuwa kushuka bondeni, kupanda ng'ambo, kisha kufuata barabara kuu ya malori hadi mjini.

Mama yangu alikuwa na goti la kulia lililovimba tangu masika. Njia ya chuoni alikuwa anaiweza kwa kupumzika. Kuzunguka asingeweza, na mama asiyeshuka mjini ni mama asiye na soko, asiye na chumvi wala mafuta ya taa, na asiyefika kwangu. Niliandika yale maneno ya Mkuu yote. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba njia yake inamfungia mama yangu mlimani. Lilikuwa neno baya na nililisema kwa sauti. Aliacha chakula.

Jumamosi nilimbana mama jikoni. "Mama, kwa nini hampiti mtoni?"

"Njia nzuri ile," akasema. "Nzuri sana."

"Kama nzuri mbona hampiti?"

"Mwanangu, ile ni kazi ya mkwe." Akainamia chai yake, na hapo hata ungemchoma kijiti asingeongeza neno. Niliuliza na wanawake wengine sokoni. Walicheka, wakaangaliana, wakasema njia ni nzuri. Nilikasirika. Nilifikiri ni ukaidi wa mlimani tu, ule ule uliokuwa ukinikera tangu nilipotoka kwenda shule ya bweni. Nilidhani mtu mzima anayefungiwa njia yake atasema kinachomsumbua. Sikukumbuka kwamba kuna mambo mtu mzima wa kwetu ataona heri azunguke bonde kuliko kuyasema.

Siku ya ukaguzi Mkuu hakutaka aibu. Alimtumia ujumbe balozi wa nyumba kumi wa kule juu, naye balozi akawaamuru watu: leo wote mtoni. Kwa hiyo asubuhi tuliingia kwenye njia kutoka upande wa chini, mgeni mbele na Mkuu, kisha mume wangu na michoro yake imekunjwa kwapani, kisha kiongozi wa wanafunzi, na mimi nyuma na karatasi. Mume wangu alisogezwa mbele aeleze ukuta. Alikuwa amevaa suti yake ya mikono mifupi, ya kijivu, ile moja.

Wakatokea wale wa mlimani kwenye kona ya juu, wamepangana. Wa mbele kabisa alikuwa mama yangu na mkungu wa ndizi kichwani. Baadaye nilisikia kwamba wenzake ndio waliomsukuma mbele, kwa hoja kwamba njia ni ya mkwe wake.

Mama akamwona mume wangu. Akasimama. Nyuma yake mstari ulikuwa unaendelea kuja, hawezi kurudi, na mwenye mkungu kichwani hageuki tu hivi hivi. Mume wangu naye alimwona, maneno ya ukuta yakakatika. Alitazama kushoto, ukuta wake mwenyewe, mrefu kuliko mtu. Alitazama nyuma, Mkuu, mimi, njia nzima imejaa. Akampa mgeni wa wizara michoro ashike, kwa mikono miwili, kwa adabu. Kisha akaruka mtoni.

Maji yalimfika kiunoni. Akasimama humo, akageukia ng'ambo, mgongo kwetu, mikono ameishusha kama mwanafunzi kwenye mstari.

"Nyoka!" Mkuu akapiga kelele, na kiongozi wa wanafunzi, aliyekuwa kijana mtiifu, akaruka naye.

 Mama akapita, macho chini, akijibana upande wa ukuta, na wanawake wote nyuma yake wakapita, wengine wameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Nyuma kabisa kulikuwa na wanaume wawili wenye magunia ya mkaa. Hao tuliwaona wamesimama mbali kule juu, nje ya njia, wamegeukia miti. Nikawatambua. Mmoja alikuwa ameoa kwa mama mdogo.

Pale pale nikaelewa yote, na nikajiona mpumbavu. Kwetu ukoo unafuata mama, na mwanaume anayeoa kule juu hapati mama mkwe mmoja: anapata na dada wote wa mama huyo, na binamu zao wa upande wa mama. Asubuhi wanawake wanashuka na mazao, wanaume wanapanda kutoka mjini au wanashuka na mkaa. Kwenye njia ya zamani mtu anasogea nyasini, anageuka, basi. Kwenye njia ya mume wangu hakukuwa na mahali pa kusogea. Na nani angelisema? Mama hawezi kuitoa kasoro kazi ya mkwe wake. Wengine hawawezi kumtolea kasoro mkwe wa mwenzao. Mimi mwanamke, na baba mkwe wangu yuko Ziwani, sikuwahi kuhitaji kutoka njiani kwa ajili ya mtu.

"Huyu bwana amepatwa na nini?" mgeni akauliza, michoro bado mikononi.

Sikupaswa kusema kikaoni, lakini hiki hakikuwa kikao. "Anampisha mama mkwe wake, Ndugu," nikasema. "Na hapa hakuna pa kumpishia. Ndiyo sababu hawapiti."

Mgeni alitazama ukuta, akatazama mto, akatazama suti yake mwenyewe. Hakucheka. Akasema, "Wangu ningekutana naye hapa, ningekufa."

"Nimeliona tatizo," mume wangu akasema kutoka majini, bado ameupa mgongo ulimwengu.

Seng'enge haikupigwa. Wiki zilizofuata mume wangu aliuvunja ukuta wake mahali mahali, akaurudisha ndani kama chumba kidogo kisicho na mlango, pa kutosha mtu mmoja kusimama amegeuka, wawili wakiwa wembamba. Tulipaita vipisho. Mkuu aliandika katika ripoti kwamba ni sehemu za kupumzikia, na ni kweli wanafunzi walizitumia kupumzika wawili wawili. Watu wa mlimani walianza kupita mtoni bila kuamriwa na mtu. Darasa la uchumi likapata utulivu, na mwalimu akalalamika kwamba wanafunzi sasa wanasinzia.

Nilimuuliza mama kama, baada ya yale ya mtoni, hataki tufanye utaratibu wa kumaliza mambo haya, maana upo: mkwe analeta zawadi, mama anaipokea, aibu inaondolewa, wanasalimiana kama watu. 

"Mtu ameingia majini na nguo kwa ajili yangu," akasema, "halafu nimfanye wa kawaida?"

Petroli ilirudi kidogo kidogo. Kamati ilikufa bila kuagwa. Mikangazi ikawa miti kweli, na mawe kwenye ncha za barabara hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Mama aliacha kubeba mkungu, akabeba chane, kisha akabeba mikono mitupu, lakini aliendelea kushuka kwangu.

Siku moja ya masika alichelewa. Nilitoka kumfuata, nikachukua njia ya juu ya ukuta, na kutoka hapo nikamwona. Amekaa chini kwenye kipisho kimoja, mguu wa kulia ameunyoosha, goti limekataa. Mume wangu alikuwa anatoka ofisini kuja kula nyumbani, upande wa daraja. Alikuwa amekwisha kumwona kwa mbali, maana alikuwa amesimama kwenye kipisho cha chini yake, uso ukutani, anasubiri mama apite. Alisubiri. Mvua ikaanza kudondoka. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga.

Alingoja hatua ambazo hazikuja. Nadhani alielewa, kwa sababu alijipangusa mikono kwenye suruali. Kisha akatoka kipishoni na kuanza kuipanda njia kinyumenyume, polepole, akipapasa mawe kwa kisigino, uso ameuelekeza mjini. Alipofika usawa wa mama akachuchumaa, mgongo umemwelekea. 

Mama aliutazama ule mgongo kwa muda. Akavuta khanga akajifunika kichwa hadi machoni, akaushika ukuta, akajiinua, akapanda mgongoni.

Niliteremka mbio nikatangulia nyumbani. Mume wangu alimfikisha mama mlango wa jikoni, akachuchumaa tena, akangoja ashuke, akazunguka nyumba kuingia kwa mlango wa mbele. Nilimkalisha mama kwenye mkeka, nikambandikia maji ya kulikanda goti. Alikuwa amelowa na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka harusini.

"Kamwambie mumeo nimefika," akasema.

Ukuta kati ya jiko na sebule ulikuwa wa matofali mabichi, mlango uko wazi, na mume wangu alikuwa amekaa umbali wa mkono. Nikaenda nikamwambia, "Mama anasema amefika."

"Mwambie pole na njia," akasema.

Nikageuka kulipeleka neno lake jikoni, machozi yananitiririka, na wote wawili wakajifanya hawanisikii.